KUHAMA KAMPUNI YA SIMU: UNACHUKUA NINI, UNAACHA NINI



Tangu kumalizika mavuno yaliyopita, watu wanaofika ofisini petu huuliza khabari za simu zaidi kuliko khabari za bei ya karafuu. Mmoja anasema intaneti ya nyumbani kwake inakwenda kama punda aliyechoka, naye anataka kuiacha kampuni yake na kwenda nyengine, lakini anaogopa kuipoteza nambari aliyonayo miaka kumi na tano. Mwengine ameshahama, na fedha alizokuwa nazo katika simu hazioni. Wa tatu anauliza kama simu ya mezani iliyomo katika nyumba ya marehemu baba yake yaweza kupelekwa kwa kampuni nyengine. Kamati imenitaka niliandike jambo hili kwa urefu, maana taabu zote hizi zina shina moja: mtu akisema "nimehama" hudhani amehama na kila kitu, na sivyo.

Natuanze na nambari ya simu ya mkononi, kwani hapo ndipo sheria iliposimama upande wa mteja. Kanuni za kuhama na nambari zilitungwa mwaka 2011, na huduma yenyewe ikaanza tarehe 1 Machi 2017 chini ya TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ambayo kazi yake yafika Bara na Visiwani sawasawa kwa kuwa mawasiliano ni jambo la Muungano. Kabla ya siku hiyo, aliyechoshwa na kampuni yake hakuwa na njia ila kununua kadi mpya na kuwatangazia jamaa zake nambari mpya, na wengi hawakuthubutu. Wakaona bora kubeba simu mbili au tatu mfukoni kama wachuuzi wa simu. Tangu siku hiyo mtu aweza kuichukua nambari yake kama ilivyo, akaipeleka kwa kampuni nyengine, na anayempigia asijue kuwa kuna lililobadilika.

Namna ya kuhama ni nyepesi kuliko watu wanavyosimuliana barazani. Unakwenda kwa kampuni unayoitaka, si kwa ile unayoiacha. Hapa wengi hukosea: huenda kwanza kumuaga yule wa zamani, kama kwamba wanaomba talaka, na huko hupewa maneno matamu na kifurushi cha zawadi wakarudi na shida yao ile ile. Sheria haikutaki uombe ruhusa. Unafika kwa wakala wa kampuni mpya na kitambulisho chako, unajaza fomu, unatuma ujumbe wa maandishi wa kuomba kuhama kwenda 15080 kwa laini ile ile inayohama, na unapewa kadi mpya. Ya zamani ikishakufa unatia mpya. Kama unadaiwa na kampuni ya zamani, hilo deni ulilipe kwanza, na salio la vocha ulitumie, maana salio haliji nawe.

Bali sharti laini iwe imesajiliwa kwa jina lako, na hili limewakwamisha watu wa mashamba zaidi kuliko jambo jengine lolote. Usajili wa alama za vidole ulianza tarehe 1 Mei 2019, na ilipofika Januari 2020 laini zisizosajiliwa zikaanza kufungwa. Katika haraka ile wazee wengi walisajiliwa na watoto wao, au na jirani, kwa kitambulisho cha huyo mtoto au jirani, kwa kuwa wenyewe walikuwa bado hawajapata chao. Mzee anaitumia laini miaka yote, anaijua kuliko jina la mjukuu wake, walakini katika vitabu vya kampuni si yake. Mwenye shaka abonyeze *106# atazame laini zilizoandikwa kwa kitambulisho chake. Akiikosa yake humo, aitengeneze kwanza kabla hajafikiri habari ya kuhama.

Sasa fedha. Nambari inahama, lakini mfuko wa fedha uliomo katika simu hauhami. Mfuko ule ni wa kampuni, si wa nambari. Kwa hivyo kabla hujatuma ujumbe wa kuhama, toa fedha zote au zipeleke benki, na kama umekopa kwa njia ya simu, lipa. Ukishafika kwa kampuni mpya utafunguliwa mfuko mpya wenye nambari ile ile. Yule ndugu yetu asiyeziona fedha zake alihama Jumatatu asubuhi akiwa na akiba katika mfuko wa zamani. Hazikupotea, ila atatembea na kitambulisho chake na subira nyingi mpaka azipate.

Wakenya waliliona jambo hili kabla yetu. Kwao kuhama na nambari kulianza tarehe 1 Aprili 2011, na waliodhani kuwa watu watamiminika kutoka kampuni kubwa kwenda ndogo walishangaa, kwani waliohama walikuwa wachache mno. Sababu moja kubwa ilikuwa M-Pesa. Mtu aliweza kuchukua nambari yake, lakini asingeweza kuichukua M-Pesa, na maisha ya watu yalikuwa humo. Sisi tulipata nafuu kidogo, kwa kuwa kuanzia mwaka 2014 makampuni ya hapa yalianza kukubaliana kupokezana fedha baina yao, na Vodacom ikaingia mwaka 2016. Basi leo ukihama, wanao bado wataweza kukutumia kutoka walipo. Waambie tu kwamba umehama, kwa sababu nambari haionyeshi tena uko wapi, na ada ya kutuma kwenda kampuni nyengine huenda si ile waliyoizoea.

Kwa upande wetu wa Visiwani liko jambo la kuchekesha ambalo sina budi kulitaja. Zantel ilianza hapa mwaka 1999. Mwaka 2015 sehemu yake kubwa ikanunuliwa na Millicom, wenye Tigo. Mwaka 2022 Millicom wakauza biashara yao ya Tanzania kwa kundi linaloongozwa na Axian, na mwaka 2024 jina la Tigo likaondolewa, pakaandikwa Yas. Mtu wa Wete aliyenunua kadi ya 0777 zamani zile, na asiyewahi kujaza fomu ya kuhama hata siku moja, ameshabadilishiwa wenyewe mara mbili huku yeye amekaa barazani kwake anachambua makonyo. Nambari haikutikisika. Nataja hili kwa ajili ya wale wanaosema kuwa kuhama ni utovu wa uaminifu. Makampuni hayaoni haya kuhama, na mteja naye asione.

Simu ya waya ni jambo jengine kabisa, na hapa nawaomba wanachama wasome taratibu. Ruhusa ile ya mwaka 2017 ni ya simu za mkononi. Simu ya mezani ya waya, ile ya 024 kwetu Zanzibar, haina pa kuhamia. Waya ule umetoka katika mikono ya Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki lililovunjika pamoja na Jumuiya mwaka 1977, ukaingia kwa shirika letu wenyewe la posta na simu, na mwaka 1994 ukafika kwa TTCL. Kwa upande wa Bara, TTCL ilikuwa na haki ya peke yake ya simu za waya mpaka mwaka 2005. Milango ilipofunguliwa, waliokuja hawakuchimba mitaro ya kufikia kila nyumba, walisimamisha minara. Sisi wakulima wa karafuu hatuhitaji kuelezwa nini maana ya soko lenye mlango mmoja, kwani tunauza kwa ZSTC tangu lilipoundwa mwaka 1968, na kila mtu ana rai yake juu ya hilo. Lakini hesabu ni tofauti: karafuu huna pa kuzipeleka kwengine kihalali, hali ya kuwa intaneti unapo pa kuipata kwengine, ila nambari ya waya utaiacha mlangoni.

Haya niliyaona kwa macho yangu Singida mwaka jana, nilipokwenda kumtazama dada yangu aliyeolewa huko. Kwa wasiopajua, Singida ni mji wa Bara ya kati, wenye majabali makubwa yaliyokaa kama kwamba yamepangwa kwa mkono, na maziwa mawili ya maji ya chumvi, Singidani na Kindai, pembeni mwa mji. Safari siku hizi si ndefu kama zamani. Boti mpaka Dar es Salaam, treni ya umeme mpaka Dodoma, ambayo ilianza kufika huko mwaka 2024, kisha basi. Shemeji yangu ana mashine ndogo ya kukamua mafuta ya alizeti nyuma ya nyumba. (Karafuu hauzi, nasema mapema wasije wakaniuliza watu wa magendo.) Nyumbani kwake mlikuwa na simu ya waya ya 026, ambayo ni tarakimu ya Singida na Dodoma na Iringa na Tabora, na katika waya ule ule wa shaba mlipita intaneti yake. Nambari ile ameiandika kwa rangi katika kila dumu la mafuta linalotoka kwake na ubavuni mwa gari yake.

Waya wa shaba kwa intaneti ni mwembamba, na kila nyumba inapokuwa mbali na mtambo ndipo kasi inapopungua. Mvua za Singida nazo huja na radi, na radi iliingia katika waya ikamuunguzia kile kisanduku cha intaneti mara mbili. Watoto wakawa hawawezi kusoma masomo yao, na dada yangu, anayeuza mafuta kwa WhatsApp mpaka Dodoma na Unguja, akawa anapanda juu ya jabali kutafuta mawasiliano kwa simu yake ya mkononi. Hapo akatokea kijana wa kampuni moja ya simu za mkononi, amevaa fulana nzuri, akawauzia rauta ya kutia kadi, isiyo na waya, kwa malipo ya mwezi "bila kikomo".

Mwezi wa kwanza ulikuwa wa asali. Shemeji akafurahi, akaacha kulipa ankara ya waya bila ya kumwandikia mtu barua wala kwenda ofisini. Mwezi wa tatu rauta ikaanza kuchoka kila usiku. Sababu yake si uchawi. Intaneti ya mnara ni kama ndoo moja inayotekwa na mtaa mzima. Kijana yule alikuwa ameshawauzia majirani wote, na kila saa mbili usiku wote wanateka pamoja. Na lile neno "bila kikomo" lilikuwa na kikomo: ukifika kiasi fulani hukukatiwi, unapunguziwa kasi mpaka mwisho wa mwezi. Limeandikwa katika karatasi, chini, kwa herufi za sisimizi. Shemeji akanunua kadi ya kampuni nyengine aitie katika rauta ile ile, rauta ikaikataa. Ilikuwa imefungwa isipokee kadi ila ya wenyewe waliomuuzia.

Hayo yote yangevumilika. Lililoumiza ni ile 026. Waya usiolipiwa hukatwa, na ni haki ukatwe. Lakini wateja wa Kiomboi, na wa Shelui, na wa Itigi, waliokuwa wakimjua kwa nambari ya dumuni tu, walipiga ikawa kimya. Nilimkuta dada yangu na daftari mapajani.

"Kaka, hebu tazama," akaniambia. "Hawa wote walikuwa wakichukua kila mwezi. Toka simu ikatwe, hakuna hata mmoja."

Shemeji akasema wangemtafuta kwa njia nyengine wakitaka.

"Watakutafuta kwa nini, baba fulani, na mafuta yako kila duka?" akamjibu, naye akanyamaza.

Waliyoyafanya baadaye ndiyo ninayotaka wanachama wayachukue. Shemeji alikwenda kulipa deni lote, akaomba waya urudishwe kwa simu ya kuzungumza tu, bila ya intaneti, kwa malipo madogo. Katika madumu mapya akaandika nambari mbili, ile ya 026 na ya mkononi chini yake, na makusudio yake ni kuziacha pamoja mwaka mzima mpaka madumu ya zamani yamalizike kuzunguka. Kuhusu intaneti, hakumsikiliza tena mwenye fulana. Alikopa kadi za makampuni mawili kwa jamaa zake, akazitia katika simu ya kawaida, akaketi nazo katika chumba kile kile itakapowekwa rauta, saa mbili usiku, siku nne mfululizo, mara hii na mara ile. Iliyokuwa nzuri mchana sokoni ilikuwa mbaya usiku nyumbani, na ile asiyoidhania ndiyo ikashinda. Kisha akanunua rauta iliyo wazi, ya kupokea kadi yoyote, kwa bei kubwa kidogo. Waya wa kioo ungekuwa bora kuliko vyote, na TTCL inaupeleka majumbani kwa mpango wa "Faiba Mlangoni Kwako", ila mtaa wake ulikuwa bado haujafikiwa. Wanachama walioko mijini kwetu waulize kwanza kama umefika kwao kabla ya kujifunga na rauta ya mnara.

Nimeulizwa pia kama kuhama kunamwokoa mtu na siku zile ambapo intaneti hupotea nchi nzima. Hakumwokoi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika, na Tanzania yote ikahangaika, mteja wa kampuni hii na wa kampuni ile. Njia kuu ni za wote. Hata huko Singida, Mkongo wa Taifa ulioanza kujengwa mwaka 2009 unapita hapo ukitoka Dodoma kwenda Kanda ya Ziwa, unasimamiwa na TTCL, na makampuni mengi hukodi nafasi humo. Kwa hivyo anayehama habadilishi barabara kuu. Anabadilisha kichochoro cha kufikia nyumbani kwake, na ankara. Kichochoro chaweza kuwa ndicho kibovu, na mara nyingi ndicho, lakini ijulikane.

Na umeme usisahauliwe. Simu ya zamani ya waya wa shaba hupata nguvu yake kutoka mtamboni, ndiyo maana taa zikizimika nyumbani yenyewe huita. Rauta, na hata kisanduku cha waya wa kioo, hufa papo hapo umeme ukikatika. Watu wa Unguja hawajasahau giza la kutoka Disemba 2009 mpaka Machi 2010. Anayeweka intaneti kwa ajili ya biashara, na atenge fedha ya betri ndogo ya rauta pamoja na fedha ya rauta yenyewe.

Ndugu zetu walioko Uingereza hutusimulia kuwa kwao mambo ni mepesi zaidi. Tangu tarehe 12 Septemba 2024 anayehamisha simu ya nyumbani na intaneti huzungumza na kampuni mpya tu, nayo humalizana na ya zamani, na nambari ya waya huja naye. Ni kweli. Lakini huko yako makampuni mengi yanayouza huduma katika waya ule ule, nasi hatujafika hapo. Wao wenyewe mtandao wa zamani wa simu za waya wa shaba wameupangia kuzimwa Januari 2027. Mwenye malalamiko hapa kwetu aanze kwa kampuni yenyewe, kwa maandishi, aweke nakala na risiti. Asiporidhika apeleke TCRA, ambao wana ofisi Zanzibar, na kwa watu wa Singida ni Kanda ya Kati, Dodoma.

Kwa upande wa chama, kamati imeamua yafuatayo. Simu ya waya ya ofisi, yenye 024, haitakatwa, ingawa intaneti ya ofisi itahamia kwengine mwezi ujao baada ya kujaribiwa kwa siku nne, asubuhi na usiku. Nambari ile imo katika kadi za wanachama wote na wanunuzi wanaijua. Pili, katika daftari letu ziko nambari nyingi za wanachama zisizoita tena, na nyengine zinaitikiwa na watu tusiowajua, kwa kuwa laini iliyoachwa muda mrefu bila kutumiwa huweza kupewa mtu mwengine. Msimu uliopita tulituma khabari za siku za kupimia kwa watu hao, na mmoja, wa Mbeya, akatujibu kwa adabu kuwa yeye hana mkarafuu hata mmoja.

Anayetaka kuhama ahame sasa, kabla ya majamvi kutandikwa, asingoje siku za kuanika ambapo kila mtu anatafutwa kwa simu. Aliyebadilisha nambari aiandike katika karatasi pamoja na nambari yake ya uanachama na jina la mtu aliyesajiliwa kwa laini hiyo, akalete ofisini siku yoyote ya kazi kabla ya saa nane mchana, au ampe mjumbe wa shehia yake.

Katibu